Muulize Fundi wa Meno: Krauni imepasuka nikila matoke, jamani matoke!

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya kitu kimoja, krauni (ile kofia ya kufunika jino) na madaraja (meno ya bandia yaliyoungana kuziba pengo) ya kauri kuvunjika. Wengine mmeandika, wengine mmetuma sauti za WhatsApp nikakaa nazisikiliza usiku. Kwa wale wageni wa ukurasa huu, mimi sio daktari wa kung'oa wala kuziba, mimi ni fundi wa maabara hapa Kampala, lile jino mnalowekewa kinywani ndio kazi ya mikono yangu na ya wenzangu, kwa hivyo likivunjika linaniuma na mimi. Nimechagua barua sita.

Fundi habari ya kazi. Mimi ni mama wa Jinja, nauza vitenge sokoni. Miaka 3 iliyopita niliwekewa krauni nyeupe kwenye gego la chini, daktari akasema ni kauri ya lithiamu haina chuma ndani, na pesa niliyolipa si kidogo. Nimekula nayo kila kitu, muchomo, mahindi ya kuchoma, mpaka miwa. Haijawahi kunisumbua. Juzi Jumapili nakula matoke na mchuzi wa njugu, laini kabisa, nikasikia "kwa!" kipande hicho kwenye ulimi. Mume wangu anasema niliuziwa feki. Fundi, matoke inaweza kuvunja jino kweli?

Mama pole sana. Matoke haina kosa. Hiyo krauni haikuvunjika Jumapili, Jumapili ilimalizia tu. Ilianza kuvunjika zamani, pengine miezi ya kwanza kabisa, na wewe ukaendelea kula nayo huku ufa unatembea ndani pole pole, na usingesikia chochote manake kauri haina mshipa wa kukuuma.

Wacha nieleze vizuri kwa sababu hapa ndio kuna kila kitu. Kitu chochote cha kauri, kikombe, taili, kioo cha dirisha, jino ninalotengeneza mimi, kina vinyufa vidogo ambavyo jicho halioni. Vingine vinatokana na kipovu cha hewa kilichobaki wakati wa kuoka, vingine ni mikwaruzo ya mashine ya kuchonga. Kuna Mwingereza anaitwa Griffith, alikuwa anafanya utafiti wa mambo ya ndege kule Farnborough, mwaka 1921 aliandika jambo ambalo mpaka leo sisi mafundi tunaishi nalo: kioo kinavunjika kwa mzigo mdogo mno kuliko ule kingeweza kubeba kwa hesabu, na sababu ni hizo nyufa, manake nguvu yote inakwenda kukusanyika kwenye ncha ya ufa. Alivuta kioo kikawa nyuzi, akaona uzi ukiwa mwembamba sana unakuwa imara ajabu, hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Chuma ikipata ufa inajikunja kidogo pale kwenye ncha, inapunguza makali. Kauri haijui kujikunja, ni kuvumilia au kupasuka.

Sasa ongeza maji. Kinywa hakikauki, mate yapo usiku na mchana. Kwenye kauri yenye kioo ndani yake, kama hiyo ya lithiamu uliyonayo, silikoni na oksijeni zimeshikana mkono kama watoto wa shule kwenye mstari, na pale kwenye ncha ya ufa mikono imevutwa mpaka mwisho. Chembe ya maji inaingia pale, inaachanisha mkono mmoja. Basi ufa umesogea. Kidogo sana, hakuna jicho litakaloona, lakini kesho utatafuna tena, na kesho kutwa. Ndio maana jino la kauri ambalo lingekaa sana kwenye hewa kavu, kwenye maji linachoka. Sisi tunaita uchovu, na ni neno sahihi kabisa, kitu kinabeba mzigo mdogo ambao mara ya kwanza hakikujali, mara ya laki tano kinakubali kuanguka.

Na hizo mara ni nyingi mama! Watafiti wana mashine za kutafuna, zinagonga krauni ndani ya maji bila kupumzika, na wengi wanachukua mapigo 1,200,000 kama miaka 5 ya kula, sio wote wanaokubaliana na hiyo hesabu lakini tuitumie. Ina maana miaka yako 3 ni kama mara 720,000. Vipimo vya namna hiyo vinaonyesha kauri nyingi zikigongwa hivyo ndani ya maji zinabaki na kama nusu ya nguvu zile zilizoandikwa kwenye boksi, zingine zaidi kidogo zingine pungufu. Kwa hivyo ukila muwa mwaka wa kwanza krauni inabeba, ukila matoke mwaka wa tatu inashindwa, na hakuna feki hapo.

Ila simwambii mume wako amekosea kabisa. Swali la kuuliza ni ufa ulianzia wapi na kwa nini ulikua haraka, kwa sababu krauni kama hiyo ikitengenezwa na kuwekwa vizuri inatakiwa ikupeleke miaka mingi kuliko 3. Kile kipande hujakitupa? Naomba usikitupe, na usikisugue. Uso wa kauri iliyovunjika una mistari midogo, ukiiangalia kwa darubini inakurudisha mpaka pale ufa ulipozaliwa, kama nyayo kwenye tope. Mara nyingi unakuta umezaliwa kwa chini, upande ule wa ndani uliogandishwa na gundi, sio juu unapotafunia, watu wengi wanashangaa hapo. Jino likibonyezwa juu, chini ndiko linakovutwa, na kauri inachukia kuvutwa. Ukikuta kipovu, kosa ni la maabara, letu. Ukikuta mahali pamekuwa pembamba, hapo daktari hakupata nafasi ya kutosha kwenye jino au sisi tulichora vibaya na tukanyamaza. Kwa lithiamu kwenye gego tunapenda unene wa milimita 1.5 pale juu. Ikishuka mpaka milimita 1, kwa hesabu ya kibao kinachokunjwa mvuto wa chini unapanda mara 2 na robo, na kwa uchovu hilo ni jambo kubwa sana kama nitakavyomwambia mwalimu wa Arua hapo chini. Nenda na kipande kwa daktari wako, uliza kwa upole, mwambie wapime unene.

Jambo fundi. Mimi ni afande mstaafu, naishi Gulu. Gego langu la mwisho linahitaji krauni. Daktari mmoja ameniambia lithiamu megapaskali 400, mwingine anasema kauri ya zirkonia megapaskali 1200. Kwa akili ya kawaida si nichukue 1200 tumalize?

Jambo afande. Kwa gego la mwisho mimi pia ningekwambia zirkonia, kwa hiyo tumefika mahali pamoja, lakini njia uliyopita sikubaliani nayo na nitakwambia kwa nini.

Megapaskali 1 ni nyutoni 1 kwenye kila milimita moja ya mraba. Hizo namba zinapatikana kwa kuchukua kibao kidogo au kisahani cha kauri, kimenyooka, kimepigwa polishi kikang'aa, unakibonyeza mara moja mpaka kivunjike. Mara moja tu! Hakijasagwa na daktari, hakijakaa kwenye mate mwaka mzima. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6872 kinagawa kauri za meno kwa makundi matano kwa hiyo nguvu, la chini kabisa linaanzia megapaskali 50, alafu 100, 300, 500, na la juu 800 kwa madaraja marefu ya meno. Ni kiwango kizuri, kinatusaidia kujua nini kiende wapi. Lakini kuchagua krauni kwa hiyo namba peke yake ni kama kuchagua askari kwa kuangalia ameinua jiwe zito mara moja asubuhi, bila kujua atatembea siku ngapi.

Alafu hata hiyo namba yenyewe sio moja. Kuna mtu mwingine muhimu wa kumjua, Weibull, Mswidi, miaka ya 1939 na 1951 aliandika kwamba vitu vya namna hii vinavunjika kama mnyororo, pete moja mbaya inatosha. Ukivunja vibao 30 vya kauri ile ile kutoka tanuri lile lile, kimoja kitavunjika mapema kingine kitachelewa, na kitu kikiwa kikubwa ndio nafasi ya kuwa na ufa mbaya ndani inaongezeka. Kwa hiyo 1200 uliyoambiwa ni wastani. Krauni yako ni moja, sio wastani.

Sasa zirkonia yenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu naipenda kwa moyo wote. Mwaka 1975 watu watatu wa Australia, Garvie, Hannink na Pascoe, waliandika kwenye jarida la Nature wakaiita chuma cha kauri, wakaweka na alama ya kuuliza. Siri yake ni hii: chembe zake zimeshikiliwa kwenye umbo fulani kwa kuchanganywa na oksidi nyingine inaitwa itria, ufa ukikaribia, chembe zilizo mbele ya ufa zinabadilika umbo na kuvimba kama asilimia 4 hivi. Zikivimba zinaubana ufa. Yaani kitu kinapasuka na wakati huo huo kinaubana mdomo wa ufa wake chenyewe, mara ya kwanza kusoma hii nilikaa kimya muda mrefu. Ndio maana uwezo wake wa kuzuia ufa ni kama mara mbili ya lithiamu, na mara nyingi ya poseleni ya zamani.

Lakini angalia afande, zirkonia sio moja. Ile ya kwanza yenye itria asilimia 3 ni nyeupe kama chaki, imara kabisa, hiyo ndio ya 1000 na kupanda. Watu wakalalamika haifanani na jino, viwanda vikaongeza itria mpaka asilimia 5, ikapitisha mwanga, ikapendeza, lakini zile chembe nyingi hazibadiliki umbo tena, ule ujanja wa kuvimba umekwisha, na nguvu inashuka mpaka kati ya 500 na 700 hivi. Bado jina ni zirkonia. Muuzaji atakwambia zirkonia na hatadanganya. Wewe uliza ni ya asilimia ngapi.

Na hata ile imara ina adui wake, tena ni maji yale yale. Kwa miaka mingi chembe za juu zinaweza kuanza kubadilika umbo bila kuitwa, zinavimba, uso unakuwa na ukungu na vinyufa. Mwaka 2001 hili liliwapata watu waliowekewa nyonga za zirkonia zilizotengenezwa na kampuni moja ya Ufaransa, vichwa vya nyonga mamia vilipasuka ndani ya miili ya watu mapema mno, na ukichunguza unga ulikuwa ule ule, walibadilisha tanuri. Tanuri tu! Mimi nikiweka jino kwenye tanuri la nyuzi joto 1500 huku mawingu yanakusanyika juu ya Kampala na najua umeme unaweza kukatika, nakumbuka hiyo habari. Tuna betri na jenereta, na kama moto umekatika katikati hilo jino mimi silitoi, naanza upya hata kama mteja yuko njiani anakuja na taksi kutoka Masaka.

Kwa hiyo kwa gego la mwisho, zirkonia ya asilimia 3, iwe nzima bila kupakwa poseleni juu, na ipigwe polishi mpaka ing'ae. Wengi wanaogopa eti itasaga jino la juu. Iliyo na mikwaruzo ndio inasaga. Iliyong'arishwa vizuri ni laini kwa jino la mwenzake.

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya meno, mwaka wa pili. Nikiwa field niliona daktari anajaribu krauni, inagonga juu, akachukua almasi ya kusagia akaisaga akagandisha akamwambia mgonjwa aende. Nilitaka kusema kitu nikaogopa. Kweli hapo kuna shida au mimi najifanya najua?

Kuna shida mdogo wangu, na nafurahi umeiona.

Nenda Katwe siku moja usimame kwa fundi wa vioo. Kioo kikubwa, kizito, anakikwaruza mstari mmoja na kile kigurudumu chake kidogo, wengine wanaulowesha kwanza, alafu anagonga kidogo tu na kioo kinafuata mstari kama kimeamriwa. Hajatumia nguvu. Ametengeneza ufa mahali anapotaka. Sasa almasi ya kusagia, ile yenye mkanda wa kijani hasa, inafanya mistari kama hiyo mamia kwa sekunde, kwenye jino la mgonjwa, bila mpango, na baadaye mgonjwa anakuja kugonga mwenyewe mara mia sita na kitu kwa siku.

Kusaga kwenyewe hakukatazwi, mara nyingine ni lazima, mimi siwezi kukisia kila mgongano nikiwa maabara. Lakini itumike almasi laini, mkanda mwekundu au wa njano, na maji mengi, na mkono mwepesi, kwa sababu joto nalo linazaa nyufa. Alafu baada ya hapo polishi, raba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, huruki hatua manake kila raba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Dakika chache. Kama ni lithiamu au poseleni na bado haijagandishwa, irudishwe kwetu tuipitishe motoni na gleizi, ule mpako wa kung'arisha, sisi hatukatai.

Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilirudishiwa krauni imepasuka vipande viwili baada ya miezi minne, na maneno makali juu yake, kwamba kazi yetu mbovu. Nikaweka vipande chini ya darubini nikakuta ufa umeanza juu kabisa kwenye shimo la katikati, ndani ya mkwaruzo wa almasi ambao haukuguswa na raba hata moja. Nilimpigia daktari, nikamwomba aje aone na macho yake. Alikuja. Tukaangalia pamoja bila kelele, na toka siku hiyo kila krauni ninayompelekea naweka na raba za polishi ndani ya kiboksi, na yeye anazitumia. Kwa hivyo siku nyingine ukiona, usiseme mbele ya mgonjwa, subiri atoke, alafu muulize daktari kwa heshima, "daktari, hii nikupigie polishi?" Wengi watakupa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Arua. Nina daraja la meno matatu, la kauri, limepasuka pale katikati meno yanapoungana. Fundi anataka kutengeneza jipya lenye maungio manene zaidi, mke wangu anasema litakuwa baya, halitapendeza. Nimsikilize nani?

Mwalimu, msikilize fundi, na mke umwonyeshe hesabu hii.

Daraja ni boriti. Boriti ya nyumba ukiilaza ubapa inapinda, ukiisimamisha inabeba, na kila fundi wa mbao hapo Arua anajua hilo bila kwenda shule. Kimo kinahesabiwa mara mbili: ukiongeza kimo cha ungio mara mbili, uwezo wa kubeba unapanda mara nne. Upana ukiongeza mara mbili unapata mara mbili tu. Kwa hiyo fundi wako asinenepeshe kuelekea shavuni, aongeze kimo, kutoka juu kwenda chini, pale kwenye fizi aache tu nafasi ya kusafisha. Kwa zirkonia kwenye meno ya nyuma tunataka ungio lisipungue milimita za mraba 9, kwa lithiamu ni kama 16 na hata hivyo hatuipeleki nyuma kabisa.

Na sasa ile niliyomwahidi mama wa Jinja. Uchovu wa kauri hauendi sawa kwa sawa na mzigo. Kwa poseleni na jamaa zake zenye kioo, maisha yanafuata mzigo kwa kipeo cha kama 20. Wewe ni mwalimu, chukua kalamu: ukipunguza mvuto kwenye ncha ya ufa kwa asilimia 10 peke yake, maisha yanarefuka kama mara 8. Ukiuzidisha mara mbili, yanafupika kama mara milioni moja. Milioni! Zirkonia ina namba yake lakini tabia ni ile ile. Ndio maana nusu milimita kwetu ni jambo la kugombania, na ndio maana daraja moja linakaa miaka 15 na lingine la kauri hiyo hiyo halimalizi hata mwaka. Pale chini ya ungio pia pawe na mviringo, pasiwe na kona kali, kona kali ni ufa uliokwisha kuandaliwa. Na kama fundi wako anatenganisha meno na kisahani cha almasi ili yaonekane moja moja, mwambie asikate pale kabisa, nimeona madaraja mazuri yakifa kwa huo mkato mmoja.

Fundi mimi ni dereva wa lori, Busia. Mke anasema usiku nasaga meno mpaka anaamka. Na barabarani natafuna kahawa kavu nisilale. Nimewekewa krauni mbili za kauri mwezi uliopita. Nina hatari?

Unayo kaka, na nakuambia kwa sababu bado mapema.

Kutafuna chakula cha kawaida ni mzigo wa wastani na haudumu. Kusaga usiku ni kitu kingine, hakuna chakula katikati, ni kauri juu ya jino, na misuli ya taya ikiwa umelala haina wa kuiambia basi. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kubana kwa magego nyutoni 700 na kupita, ambayo ni kama mtu wa kilo 70 amesimama juu ya jino moja. Tena kwa kuteleza upande, na kauri inaumia zaidi ikivutwa kwa upande. Rudi kwa daktari aliyekuwekea akutengenezee kinga ya usiku, ni kile kiplastiki kigumu cha uwazi unavaa ukilala, maabara yoyote inatengeneza. Kwa mtu kama wewe hicho kitu kina thamani kuliko hata aina ya kauri uliyochagua.

Kahawa zile za kukaribisha wageni za Buganda nazipenda na mimi, lakini ni ngumu na ndogo, mzigo wote unakuja kwenye nukta moja badala ya kusambaa. Hamishia upande usio na krauni, au zilowe mate kwanza kabla hujabana. Soda usifungue na meno. Najua wengi wa barabarani mnafanya. Usifanye, hata na meno yako ya kuzaliwa.

Fundi, krauni yangu ya mbele ina chuma ndani, poseleni imemeguka kidogo chuma inaonekana. Naweza kupachika kipande na supagluu? Nina harusi ya dada yangu Mbale Jumamosi.

Dada hapana, usiweke supagluu. Haikai kwenye mate, inaweza kuchoma fizi, na inachafua ule uso ambao daktari angetumia kupachika vizuri. Weka kipande kwenye kichupa safi, nenda kesho asubuhi, usisubiri Ijumaa. Daktari anaweza kukwaruza pale kwa mchanga laini, kupaka dawa ya kushikanisha, na kujaza kwa resini ya rangi ya jino, kazi ya saa moja hivi na utapiga picha vizuri. Hiyo ni ya kukuvusha, haitakaa kama poseleni yenyewe.

Baada ya harusi mwambie daktari atutumie krauni yenyewe tuangalie kwa nini ilimeguka. Poseleni na chuma zinatanuka na kusinyaa tofauti kwenye tanuri, tunachagua chuma inayosinyaa zaidi kidogo tu ili ikipoa iibane poseleni, manake kauri ikibanwa inakuwa imara, ikivutwa ndio inakwisha. Zisipolingana, au ikitolewa motoni haraka, mvuto unabaki umejificha ndani toka siku ya kwanza. Na poseleni ya mbele ikiachwa inaning'inia bila chuma chini yake kuibeba inameguka hivyo hivyo kama yako ulivyoeleza, pembeni, kipande chembamba kama ukucha. Ikiwa ni hiyo basi kuziba kila mara hakutasaidia, chuma ya ndani ndio inatakiwa ichorwe upya, na hiyo ni kazi ya siku tano sita, kwa hivyo panga safari yako ya Kampala vizuri.